Jina la Kutamkwa Kaburini

Cherehani ya Zipora ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa pale Kambarage, mjini Shinyanga, upande ambao jua la mchana halifiki. Mwenye duka alikuwa Champaben, mjane wa Kihindi ambaye watoto wake walikwishahamia Mwanza. Mteja alichagua kitambaa ndani, akatoka nacho nje, na Zipora akampima palepale. Sare za shule, magauni ya komunio, mapazia, suruali za wazee, vyote vilipita chini ya sindano yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na mtu akikosea kulitaja jina lake alimsahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

Jina hilo alipewa na baba yake, msomaji mkubwa wa Biblia. Utotoni lilimlemea. Wenzake walikuwa akina Pendo na Neema, majina ya kuitana uwanjani. Yeye akiitwa ilikuwa kama anaitwa na mwalimu mkuu. Ndiyo maana, alipozaa binti yake wa kwanza mwaka 1990, hakuona ubaya mumewe alipomletea mtoto jina la utani.

Mumewe, Cornel, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Rwamgasa, upande wa Geita. Alikaa machimboni miezi, akarudi na vumbi jekundu kwenye mishono ya suruali, akalala, akala, akaondoka tena. Safari ile alibahatika kufika mke wake akiwa amejifungua juzi yake tu. Akamchukua mtoto, akamsogeza dirishani penye mwanga. Mtoto alikuwa anafyonza ulimi wake mwenyewe, mashavu yakiingia na kutoka.

"Huyu ana pipi mdomoni," Cornel alisema. "Mwangalie. Kaja nayo kutoka hukohuko."

Tangu hapo akawa Pipi.

Mama yake Cornel aliitwa Mageni. Alikuwa mjane, mkulima wa pamba na karanga katika kijiji kimoja mbele ya Kolandoto, mrefu, mgumu wa kucheka. Alikuja mjini na kibuyu cha samli na kuku wawili, akambeba mjukuu, akamkagua vidole vya miguu, kisha akasema kwamba mtoto huyo ni Nyamizi. Nyamizi alikuwa mama yake mzazi, mwanamke aliyelisha kaya nzima peke yake mwaka wa njaa.

"Sawa, mayu," Cornel alimjibu, akitumia neno la Kisukuma la kumwita mama. "Nyamizi atapewa kwa heshima yake. Nikirudi tutaita watu, tutambatiza, tutakula. Kwa sasa ni Pipi."

"Pipi ni kitu cha dukani. Akizeeka mtamwitaje? Bibi Pipi?"

Zipora, aliyekuwa amelala bado na maumivu ya uzazi, aliangua kicheko mpaka akashika tumbo. Cornel naye akacheka. Hata Mageni, baada ya kujizuia kidogo, mabega yalianza kumtikisika. Bibi Pipi, mwenye mkongojo na ugoro! Walicheka wote watatu, na habari ya Nyamizi ikawekwa kando mpaka Cornel atakaporudi.

Alirudi, lakini kwa siku chache. Mara nyingine mvua ilikuwa imeharibu barabara. Mara nyingine duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa limeanza kutoa dhahabu, na hakuna mchimbaji anayeondoka duara likianza kutoa. Ubatizo ukasogezwa. Jirani wakamwita Zipora Mama Pipi, na Champaben akamwita Mama Pipi, na yeye mwenyewe akaona raha. Lilikuwa jina lisilomtaka mtu asimamishe cherehani ili kuliita. Mtoto alilala kwenye kapu la vitambaa vilivyobaki, na wateja wakiondoka walimwinamia wakasema, "Kwaheri, Pipi," kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwa watoto peke yao.

Homa ilimkamata wakati wa mvua za Januari. Asubuhi alikuwa wa moto, mchana akaanza degedege. Champaben alimwita shemeji yake mwenye gari, wakapakiana mpaka hospitali ya Kolandoto, Zipora amemkumbatia mtoto aliyekakamaa kifuani. Wauguzi wa pale walihangaika naye usiku kucha. Walimtundikia dripu, wakamtafutia damu. Kulipopambazuka, nesi mmoja mzee alimtoa mtoto mikononi mwa Zipora polepole, akamfunika uso.

Kijiji cha Mageni kilikuwa karibu na hapo, kwa hiyo mazishi yalifanyika huko. Champaben alileta kitambaa cheupe alichokikata kwa mikono yake. Cornel alitumiwa habari kwa dereva wa lori la mizigo linalokwenda Geita, lakini mto ulikuwa umefunika daraja, na ilijulikana wazi kwamba hatawahi.

Katekista wa kigango alikuwa mzee Pantaleo, mtu mwema na mpole, aliyezoea kuzika. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi lile dogo, kitabu mkononi, akamgeukia Mageni kama mkubwa wa kaya.

"Jina la mtoto?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Pipi."

Palikuwa na msichana mmoja kati ya waombolezaji, mgeni wa kijijini pale, ambaye kicheko kilimponyoka puani. Hakukusudia. Alijifunika uso kwa kanga papo hapo, lakini Zipora alikuwa amesikia.

"Hilo la nyumbani nimelisikia," Pantaleo alisema kwa upole. "Nataka jina lake."

"Hakupewa," Mageni alijibu.

Katekista akatikisa kichwa, akafungua kitabu, akaomba. Kila mahali ambapo panasomwa jina la marehemu yeye alisema "mtoto huyu". Ee Bwana, umpokee mtoto huyu. Zipora alisimama ameshikiliwa na wanawake wawili. Alitaka kupaza sauti, aseme kwamba anaitwa Pipi, kwamba aliitika jina hilo, kwamba akiitwa aligeuza shingo na kutafuta. Sauti haikutoka. Udongo ukarudishwa, na kwenye msalaba wa mti mtu akaandika kwa rangi nyeusi: MTOTO WA CORNEL.

Cornel alifika wakati watu wameshatawanyika, matope mpaka magotini. Alikwenda kaburini peke yake. Aliporudi, alikaa chini kando ya mke wake kwenye mkeka.

"Hawakumwandika jina," alisema.

"Halikutamkika," Zipora akamjibu.

Hawakulizungumza tena. Wala jina la Pipi halikusikika kati yao, si mwaka ule wala uliofuata. Mjini, jirani hawakujua wamwite Zipora vipi. Wengine walirudi kumwita kwa jina lake, wengine wakamkwepa kwa kumwita dada au fundi. Champaben peke yake aliendelea kumwita Mama Pipi, kama kwamba hakuna kilichobadilika. Siku za mwanzo Zipora alihisi amepigwa kofi kila alipoitwa hivyo. Baadaye akagundua kwamba ndiyo sauti anayoisubiri tangu anapofungua kifuniko cha cherehani asubuhi.

Alimfuata Cornel machimboni, akakaa huko zaidi ya mwaka, akishona viraka vya wachimbaji kwenye kibanda cha maturubai. Rwamgasa watoto waliitwa vyovyote. Mwanamke aliyepika wali jirani yake alikuwa na binti anayeitwa Dola, maana alizaliwa wiki ambayo baba yake alipata kitu. Mwingine alikuwa Sindano. Dola alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye pengo la meno ya mbele, na alipenda kukaa karibu na Zipora akiokota vipande vya nyuzi. Siku moja Zipora alimuuliza mama yake mtoto, "Kanisani anaitwaje?"

"Huyu? Dola."

"Na jina la ukoo? La bibi yake?"

Mama yake Dola alimtazama kwa mshangao. "Mama, bibi yake hata sijui alizikwa wapi. Mtoto anaitika. Si inatosha?"

Haikumtosha Zipora. Alipojikuta mjamzito tena, alirudi Shinyanga, kwenye baraza yake, na jambo hilo likamkaa kichwani kuliko hata uchungu wa kujifungua. Alimwambia Champaben siku moja ya mvua ambayo wateja walikuwa hawapo.

"Akiwa wa kike nataka jina zito. Jina ambalo katekista atalitamka bila kuuliza mara mbili."

Champaben alikuwa anakunja kanga. Aliishi Shinyanga tangu alipoolewa na Kiswahili chake kilikuwa laini, cha mjini, chenye neno la Kisukuma hapa na pale.

"Wewe unachagua jina la kuishi au la kufa?"

Zipora alitia uzi kwenye sindano.

"Jina langu mimi ni ua," Champaben aliendelea. "Champa ni ua dogo, manjano, linanukia sana. Shangazi yangu ndiye alinipa. Nilipokuwa binti walinitania, ua, ua, nani atakunusa. Nikaona jina la kitoto. Sasa tazama." Akanyoosha mikono yake yenye mishipa. "Nina mvi, sina meno ya nyuma, na watu wazima wanasema 'Shikamoo Champaben' na hakuna anayecheka. Jina limezeeka na mimi."

"Wewe ulipata muda wa kuzeeka nalo," Zipora alisema.

Champaben aliweka kanga chini. "Ndiyo," akasema. "Hilo kweli, Mama Pipi."

Mtoto alizaliwa mwaka 1994, wa kike, mnene, mwenye kilio kikubwa. Mageni alipokuja na kibuyu chake cha samli, Zipora hakumsubiri aketi.

"Mama, naomba jina lako."

"Langu mimi?" Mageni alishangaa. "Nilifikiri majina yetu yanawalemea ninyi watu wa mjini."

"Nataka linalolemea. Naomba lako, na abatizwe kabla Cornel hajaondoka."

Mageni aliweka kibuyu chini. Ni dhahiri alielewa, maana hakuuliza habari ya Nyamizi. Akamchukua mtoto, akampaka samli utosini, akasema maneno ya Kisukuma ambayo Zipora hakuyasikia yote. Mtoto akabatizwa Mageni kijijini, Jumapili ya wiki ileile. Pantaleo ndiye aliyemwandikisha, na hakuuliza mara mbili.

Kuanzia hapo Zipora alililinda jina hilo kama mtu anayelinda moto usizimike. Jirani akisema "Mage", alimkata: "Mageni." Mtoto wa jirani alipojaribu kumwita Gege, alirudishwa kwao. Hakumwimbia mtoto nyimbo za kutaja jina, hakumwita mpenzi wala malaika wangu. Alimpenda vikali, kimyakimya, akiamka usiku mara kwa mara kumgusa paji la uso, na kila alipomwita alitamka silabi zote tatu. Utani mmoja tu aliuruhusu, kwa kuwa haukuwa utani bali desturi: mtoto aliyebeba jina la bibi yake huitwa na baba yake mama. Cornel alipofika nyumbani alimwinamia binti yake, akamwambia, "Shikamoo, mayu," na mtoto, aliyefundishwa na bibi yake, akajibu, "Marahaba," kwa sauti nzito kiasi alichoweza.

Mageni mkubwa na Mageni mdogo walipendana. Bibi alimwita mjukuu "somo", na msimu wa kuvuna karanga alimchukua akae naye kijijini. Waliketi uwanjani wakichambua, mtoto akitafuna zaidi ya anachoweka kwenye ungo. Watu wakipita njiani na kusalimu, "Ng'wadila, Mageni," waliitika wote wawili. Mtoto alikua hivyo, akijua kwamba Mageni ni jina la watu wawili, lakini akiwa hajui, wala hapakuwa na aliyefikiri kumweleza, kwamba watu wawili wanaweza kuachana.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 mvua zilipita kiasi. Pamba ilioza shambani, nyumba za udongo zikaanguka. Mageni mkubwa alinyeshewa akiokoa mbuzi, akapata kichomi, na kabla wiki haijaisha akafariki kwenye kitanda chake mwenyewe. Cornel alikuwa nyumbani safari hii, kwa kuwa maduara yote ya Rwamgasa yalikuwa yamejaa maji. Walikwenda kijijini wote watatu.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mageni alijulikana mpaka Maganzo na Mwadui, ambako aliuza karanga zamani mumewe alipokuwa hai. Uwanja ulijaa watu, wanawake ndani wakilia, wanaume wakikata mbao chini ya turubai. Mtoto, aliyekuwa wa miaka minne, alikaa mlangoni karibu na mama yake, amevalishwa gauni jeusi ambalo Zipora alilikata kutoka kwenye sketi yake. Na kila aliyeingia kulia alilia kwa jina. "Mageni weee! Mageni umetuacha! Mageni unakwenda wapi!" Kisha akina mama wazee, wakimaliza kulia, walimfuata mtoto, wakamshika kichwa, wakasema, "Mageni ndiye huyu. Mayu, wewe ndiye umebaki," na wengine wakaanza kulia upya juu yake.

Mchana, jeneza lilipokuwa linapigiliwa misumari, Zipora alitazama mlangoni akamkosa mtoto.

Alitazama jikoni. Akatazama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kwa jirani. Kisima hakikuwa mbali, na mvua ilikuwa imekijaza mpaka juu. Akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti.

"Mageni!"

Wanawake waliokuwa ndani walisikia. Mmoja akaitikia kwa kilio, "Mageni weee!" na nyumba nzima ikalipuka. Walidhani mkwe anamlilia marehemu.

"Mageni!" Zipora aliita tena, akielekea kwenye zizi, na kilio kikapanda zaidi. Mzee mmoja alimfuata akamshika mkono. "Jikaze, mwanangu. Bibi amepumzika."

"Namtafuta mtoto!"

Lakini sauti yake ilipotea. Akafungua mdomo kuita mara ya tatu, akaufunga. Jina hilo uwanjani pale lilikuwa la maiti. Kila alipoliita aliita kaburi, na kama mtoto alikuwa mahali anasikia, alikuwa anasikia hilohilo. Zipora alitafuta neno lingine la kumwitia binti yake. Hakuwa nalo. Kwa miaka minne alihakikisha hakuna. Alisimama kwenye matope, hawezi kumwita mtoto wake.

Cornel alikuwa ameliacha jeneza. Alimpita mke wake bila kumtazama, akatembea taratibu kuelekea kwenye kibanda cha ndama, akachuchumaa. Akasema kwa sauti ya chini, ya nyumbani:

"Karanga. Karanga wee. Ni mimi."

Kisha nyasi za mle ndani zikachakarika.

"Karanga, toka tukale."

Mtoto akatambaa nje, amejaa kinyesi cha ndama, kamasi mpaka mdomoni. Alimkimbilia baba yake akajificha kifuani kwake. Zipora alifika akapiga magoti kwenye matope. Alipotaka kumshika, mtoto alijivuta.

"Mimi siyo Mageni," alisema. "Mageni wanamtia kwenye sanduku. Wanampigilia. Mimi sitaki."

Zipora alimtazama Cornel, na Cornel alikuwa anatazama chini.

"Siyo wewe," Zipora alisema. "Anayezikwa ni bibi. Wewe huendi."

"Wamesema Mageni."

"Jina mlikuwa mnalitumia wawili. Bibi amemaliza kulitumia. Sasa amekuachia."

Mtoto alifikiri. "Silitaki."

"Basi liweke," Zipora alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Usilitumie leo. Leo liweke tu."

Hakwenda kaburini. Alikaa na mtoto kwenye kibanda cha ndama, amemfunika kwa kanga, na kutoka pale alimsikia mzee Pantaleo, ambaye sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa uzee, akisoma. Alilitamka jina la marehemu lote, na jina la baba yake, na la mumewe, polepole, na watu wakaitikia. Zipora alikuwa amelisubiri jambo hilo kwa miaka saba, jina linalokaa sawasawa katika kinywa cha katekista. Lilikaa sawasawa. Alimziba mtoto masikio.

Baada ya matanga, siku watu wa mwisho walipoondoka, yeye na Cornel walikuwa wanafagia uwanja. Mtoto alilala ndani.

"Tangu lini?" Zipora aliuliza.

Cornel alijua anaulizwa nini. "Tangu alipoota meno. Ukiwa kazini. Alikuwa anatafuna karanga za mayu kama panya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelikataza."

Zipora alifagia kidogo, akasimama. "Ningelikataza," alikubali.

Cornel aliegemea ufagio wake. Alikuwa amezeeka machimboni kuliko umri wake, kikohozi kilikuwa kimemwingia. "Mimi ndiye nilimwita yule mwingine Pipi," alisema. "Nilifikiri na wewe unaona kwamba mimi ndiye nilifanya asiwe na jina."

"Sikuona hivyo."

"Mimi niliona. Chini ya duara mtu ana muda mwingi wa kuona mambo. Nikasema huyu wa pili namwachia mama yake. Lakini akinirukia mlangoni, 'shikamoo mayu' haitoki yenyewe, Zipora. Inatoka Karanga."

Zipora aliweka ufagio ukutani. Ilikuwa bado saa za jua, mbuzi wanarudi. "Pipi alikuwa anaitika," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya mumewe tangu mazishi. "Ulikuwa hupo. Alikuwa ameshaanza. Ukisema Pipi anageuza shingo, anatafuta mpaka akuone."

"Sikujua."

"Ndiyo. Alikuwa analijua jina lake."

Cornel akakaa chini pale alipokuwa, kwenye udongo uliofagiliwa, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, na Zipora hakujua analilia msiba upi, wala hakumuuliza.

Walirudi Kambarage. Mtoto alikataa kuitikia Mageni kwa muda, kisha akaanza tena, kwa watu anaowachagua mwenyewe. Champaben akampa pipi ya nanaa akamuuliza jina lake nani, naye akajibu kwamba ana mawili, moja la kazi na moja la nyumbani. Cornel sasa aliita Karanga mlangoni kwa sauti, majirani wasikie. Zipora hakumzuia. Ila yeye mwenyewe hakuweza. Alijaribu mara moja akiwa peke yake na cherehani, akalisema chinichini, akaogopa, akaendelea kushona.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokatika na mbu wakazidi, mtoto alipata homa. Zipora alimbeba mgongoni akakimbia naye zahanati, anahesabu pumzi zake shingoni. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje. Walikaa kwenye benchi, mtoto amelegea, macho yamefumba nusu, na kila mama kwenye benchi alikuwa na wake wa moto vilevile.

Dirisha likafunguliwa. "Mageni Cornel!" nesi aliita.

Mtoto hakusogea. Zipora alimwinamia, "Mageni, twende," na mtoto akageuza uso upande wa ukuta.

"Mageni Cornel yupo?"

Zipora aliinuka. Alimweka mtoto begani, akaweka mdomo wake kwenye sikio lile la moto, na mbele ya watu wote waliojaa pale akasema kwa sauti iliyosikika, "Karanga. Karanga wangu. Amka, tunaitwa."

Mtoto akafumbua macho, akamtafuta aliyesema, akamwona kuwa ni mama yake.

"Tupo," Zipora alimwambia nesi, akaingia ndani.

Ilikuwa malaria, nayo iliwahiwa. Baada ya sindano na vidonge alianza kudai chakula, na kufikia mwisho wa wiki alikuwa barazani tena, anagombana na kuku. Zipora alimwangalia kutoka kwenye cherehani. Alipotaka aje kunywa dawa alimwita, na yeye mwenyewe hakujua ni jina lipi litakalotoka mpaka alipolisikia.